Uzi wa DNA Unaopima Dawa Ndani ya Damu

Mtoto mchanga akishukiwa kuwa na maambukizi kwenye damu, hospitali nyingi za Afrika Mashariki humwanzishia ampisilini pamoja na gentamaisini, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Gentamaisini imeokoa watoto wengi mno, lakini ina masharti makali. Ikipungua kwenye damu, bakteria wanasalimika. Ikikaa nyingi kwa muda mrefu, huumiza figo na kuua seli za kusikia zilizomo kwenye sikio la ndani, nazo zikishakufa hazioti tena. Daktari hukadiria dozi kwa uzito na umri, ila figo za mtoto njiti hazijakomaa, na watoto wawili wenye kilo sawa wanaweza kuitoa dawa hiyo mwilini kwa kasi tofauti. Njia ya uhakika ni kupima kiasi kilichomo kwenye damu. Kazi hiyo inahitaji maabara yenye mashine na wataalamu, na inahitaji kumtoa damu mara kwa mara mtoto ambaye, akiwa na kilo moja, damu yake yote haizidi sana mililita 90.

Kwa nini basi tusipime dawa kama wagonjwa wa kisukari wanavyopima sukari nyumbani? Kipimo cha sukari, ambacho msingi wake uliwekwa na Leland Clark na Champ Lyons nchini Marekani mwaka 1962, kilipata bahati mbili. Ya kwanza, kuna kimeng'enya cha asili kinachoichukua glukosi na kuigeuza, na mabadiliko hayo yanasomeka kwa umeme. Ya pili, sukari ni nyingi: karibu miligramu 900 katika lita moja ya damu ya mtu mwenye afya. Gentamaisini hutakiwa iwe imeshuka chini ya miligramu 2 kwa lita kabla ya dozi inayofuata, na hakuna kimeng'enya kama hicho cha kuisoma.

Hapo ndipo aptama inapoingia. Ni uzi mfupi wa DNA, mara nyingi usiofika herufi 100, ambao hauna kazi ya kurithisha chochote. Kazi yake ni kujikunja katika umbo linaloshika molekuli moja maalumu. Mwaka 1990 makundi mawili ya watafiti wa Marekani, Craig Tuerk na Larry Gold huko Colorado, na Andrew Ellington na Jack Szostak huko Boston, walionyesha namna ya kuzipata nyuzi za aina hii. Walianza na RNA. DNA, ambayo haiharibiki upesi, ilifuata muda mfupi baadaye. Unatengeneza matrilioni ya nyuzi zenye mpangilio wa kubahatisha, unazichanganya na molekuli unayoitafuta, unaosha na kuziondoa zisizoshika, kisha unazidurufu zilizobaki na kurudia raundi baada ya raundi. Kingamwili, ambazo nazo hutumika kushika molekuli maalumu, kwa kawaida huanza kwa kumchanja mnyama. Hapa mnyama hahitajiki, na hata sumu inaweza kutafutiwa mshikaji wake.

Kushika peke yake hakutoshi, lazima kuwe na ishara. Mwaka 2005, kundi la Kevin Plaxco na Alan Heeger katika University of California, Santa Barbara, likiwa na Yi Xiao, lilitumia aptama ya thrombini, protini inayogandisha damu. Ncha moja ya uzi iliunganishwa na dhahabu kwa kiungo cha salfa. Ncha ya pili ilibeba methileni bluu, rangi ileile ambayo Paul Ehrlich aliwapa wagonjwa wa malaria mjini Berlin mwaka 1891, na ambayo hupokea na kutoa elektroni kwa urahisi. Uzi huo huyumba kama mwani ulioshika mwamba. Molekuli inayotafutwa ikifika, uzi hubadili umbo, umbali kati ya rangi na dhahabu hubadilika, na mkondo wa umeme hubadilika nao.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hakuna kinachotumika kikaisha. Molekuli ikiondoka, uzi hurudi ulivyokuwa, tayari kupima tena. Takataka za damu zinazogusa uzi bila kuukunja haziigizi ishara kwa urahisi, ndiyo maana kihisi kinaweza kuwekwa kwenye damu isiyochujwa. Mwaka 2017, Netzahualcóyotl Arroyo-Currás na wenzake walipitisha vihisi vya waya mwembamba wa dhahabu kwenye mishipa ya panya waliokuwa macho na wakitembea, wakafuatilia dawa kadhaa zikipanda na kushuka, kwa vipimo vilivyopishana kwa sekunde chache. Mwaka uliofuata kihisi kiliiongoza pampu ya tobramaisini, nduguye gentamaisini, ili kiwango kwenye damu ya panya kisiyumbe.

Mwilini, hata hivyo, protini huganda juu ya dhahabu na nyuzi hung'oka kidogo kidogo, hivyo mkondo hushuka ingawa dawa haijapungua. Watafiti hupima kwa masafa mawili ya umeme: kwa moja dawa huongeza ishara, kwa jingine huipunguza, ilhali uchakavu huzishusha zote mbili. Tofauti kati yake husahihisha sehemu kubwa ya kosa. Joto nalo hubadilisha mkunjo wa DNA, jambo zito kwa mgonjwa mwenye homa.

Aptama yenyewe pia ihojiwe. Mwaka 2019 watafiti wa University of Waterloo, Kanada, waliipima upya aptama iliyokuwa ikitumiwa kwa miaka mingi kutafuta aseniki kwenye maji, wakakuta haishiki aseniki. Ndiyo maana nikisoma tangazo la kihisi kipya natafuta kwanza kama aptama yake imethibitishwa kushika kweli, kisha kama kilijaribiwa kwenye damu nzima au kwenye maji safi ya chumvi tu.

Wapo wanaotaka aptama zichukue nafasi ya vipimo vya haraka vya malaria. Sikubaliani nao. Vipimo hivyo vya kingamwili ni rahisi, vimezoeleka, na kazi yake ni kujibu mara moja tu: vimelea vipo au havipo. Fedha na akili za watafiti wa aptama ziende kwenye dawa ambazo mpaka kati ya kutibu na kudhuru ni mwembamba: gentamaisini, vankomaisini, na doksorubisini ya saratani, ambayo huweza kuumiza moyo.