Mji wa Kale kwa nauli ya matatu tu

Wengi wetu hapa Chaani tumezoea kuuona Mji wa Kale kama mahali pa watalii. Wapo waliozaliwa Changamwe ambao hawajawahi kuingia Fort Jesus. Kumbe safari ni rahisi, hata ukiwa peke yako.

Panda matatu asubuhi, jua halijawa kali. Shuka Mwembe Tayari, kisha tembea kwa miguu hadi kwenye ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaiteka 1698, na mwaka 2011 UNESCO ikaitambua kuwa urithi wa dunia. Raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, kwa hivyo usisahau kitambulisho.

Ukitoka hapo, kutembea mitaani ni bure. Fuata Ndia Kuu utazame milango ya nakshi. Akijitokeza mtu wa kukuongoza, patana naye bei kwanza. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Njaa ikishika, tafuta mahamri na mbaazi.

Wageni huvuka bahari kuja kuyaona haya. Sisi ni kuvuka Makupa tu.