Pikapu, Tela na Dizeli

Mpunga umevunwa. Magunia yamejaa. Kikundi chenu kina pikapu ya dizeli na tela lake. Mzigo umetoka shambani, umefika Mpanda mjini, umeuzwa. Lakini fedha za dizeli zikiondolewa, kinachobaki ni kidogo. Hapo maneno huanza. Wanakikundi wanasema, "Dereva anauza mafuta." Dereva anasema, "Tela ni zito." Nani anasema kweli?

Mara nyingine hakuna mwizi. Dizeli imepotea njiani, kidogo kidogo. Katika somo hili tutaona inakopotea. Tutaona pia jinsi kalamu na daftari zinavyoweza kumaliza ugomvi huo.

Dizeli hutoka mbali

Dizeli tunayotumia Tanzania hutoka nchi za nje. Hushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kutoka huko husafirishwa mpaka kwetu Kashaulili. Gharama ya safari hiyo imo katika bei ya kila lita. Kwa hiyo tusiipoteze.

1. Panga mzigo vizuri

Kila kilo ya mzigo huvutwa kwa mafuta. Ondoa vitu visivyo na kazi katika safari hiyo. Usizidishe uzito ulioandikwa kwa gari na kwa tela.

Panga magunia chini chini, yasipande juu sana. Mzigo mrefu hukamata upepo, na gari hulazimika kuusukuma upepo huo. Funika kwa turubai na ulikaze. Turubai linalopigapiga hewani hulivuta gari nyuma.

Weka magunia mengi karibu na ekseli ya tela, yakielekea mbele kidogo. Mzigo ukiwa nyuma sana, tela huyumba na linaweza kuangusha gari.

2. Pima upepo wa matairi

Umewahi kusukuma baiskeli yenye mzigo na tairi lisilo na upepo wa kutosha? Ulitoka jasho. Injini nayo huchoka hivyo hivyo, na jasho lake ni dizeli.

Pima upepo asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi. Soma kibao kilicho mlangoni mwa dereva. Kimeandikwa kiasi cha upepo kinachotakiwa. Usisahau matairi ya tela.

Mkisimama njiani, sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu la tela. Usiguse, unaweza kuungua. Kama kimoja kina joto kuliko vingine, huenda breki imeng'ang'ania au beringi haina grisi. Gari linavuta tela lililofungwa breki! Mwite fundi.

3. Punguza mwendo

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo unaolipinga gari huongezeka mara nne. Ndiyo maana kukimbia na tela hula mafuta mengi. Nenda mwendo wa wastani usiobadilika-badilika.

Tazama mbali. Ukiona tuta, ng'ombe au kona, ondoa mguu mapema. Anayekanyaga mafuta kwa nguvu kisha akafunga breki kwa nguvu, amenunua mwendo na kuutupa.

4. Tumia gia inayofaa

Gia ndogo kwa muda mrefu hufanya injini ipige kelele na kula mafuta. Gia kubwa mno mlimani hufanya injini itetemeke na kutoa moshi mweusi. Sikiliza injini. Ikianza kulemewa, rudisha gia mapema.

Barabara ya Karema hushuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Kwenye mteremko wa namna hiyo, madereva wengine hutoa gia ili gari literemke lenyewe. Wanadhani wanaokoa mafuta. Hilo ni kosa kubwa. Tela litalisukuma gari, breki zitapata moto na kushindwa kushika. Acha gari katika gia ndogo na uondoe mguu kwenye mafuta. Magurudumu ndiyo yatakayozungusha injini, na pampu haitapeleka dizeli. Hivyo unaokoa mafuta na maisha pia.

5. Tunza injini

Wakati wa kiangazi vumbi ni jingi. Vumbi huziba chujio la hewa. Injini ikikosa hewa, dizeli haiungui yote, hutoka kama moshi mweusi. Moshi huo ni fedha zenu. Safisheni au badilisheni chujio. Moshi ukiendelea, fundi apime nozeli. Na gari likisimama kupakia, zimeni injini.

6. Andika katika daftari

Jaza tangi mpaka juu kabla ya safari. Andika namba ya kilomita. Mkirudi, jaza tena mpaka juu. Andika namba mpya na lita zilizoingia. Kisha gawanya kilomita kwa lita.

Mfano:
Mwanzo: 41,200. Mwisho: 41,500. Safari ni kilomita 300.
Lita zilizoingia: 50.
300 ÷ 50 = kilomita 6 kwa lita moja.

Tuseme mmetunza gari, na safari ile ile sasa imetumia lita 40. Mmeokoa lita 10. Zidisheni kwa bei ya lita moja. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na Mpanda imo. Someni wenyewe.

Kama njia ni ile ile na mzigo ni ule ule, lakini lita zimezidi, angalieni kwanza matairi, breki na chujio. Vyote vikiwa vizima, ndipo muulizane. Daftari humlinda dereva mwaminifu asisingiziwe. Pia hulinda jasho la wakulima.

Maswali

1. Kwa nini mzigo usipangwe juu sana?
2. Moshi mweusi unatuambia nini?
3. Kuna hatari gani kutoa gia mteremkoni?
4. Pikapu imekwenda kilomita 240 kwa lita 40. Lita moja imekwenda kilomita ngapi?