Wakala wa AI wa kukagua fayawoli: ulipie au uache?

Kama fayawoli ya ofisi yako ina kinga dhidi ya wavamizi, ndani yake kuna profaili: mafungu ya kanuni yanayoamua shambulio lipi liripotiwe tu na lipi lizuiwe. Siku hizi unauziwa wakala wa akili mnemba: unamwandikia "nionyeshe profaili zote", anakuletea orodha. Kabla hujasaini, linganisha njia tatu.

Ya kwanza ni kufungua mwenyewe ukurasa wa usimamizi. Huongezi hata senti, maana ulishaulipia pamoja na kifaa. Ukiwa na fayawoli moja au mbili, ni kazi ya dakika chache. Ukiwa na matawi kumi, jiandae kuingia na kutoka mara kumi.

Ya pili ni skripti. Fundi anaandika programu ndogo inayoiuliza fayawoli kupitia API, yaani mlango wa programu kuzungumza na kifaa, na kujaza majibu kwenye jedwali. Unalipa mara moja, na inadumu mpaka mtengenezaji abadilishe API. Kubalianeni mapema bei ya marekebisho, na nakala ya skripti ibaki kwako.

Ya tatu ni huyo wakala. Tangu itifaki ya wazi ya MCP, utaratibu wa pamoja wa kuunganisha AI na mifumo mingine, ilipotolewa Novemba 2024, kumuunganisha na vifaa kumekuwa rahisi. Uzuri wake ni swali la pili: asiye fundi anaweza kuuliza "zipi zinaripoti bila kuzuia?" akajibiwa kwa lugha ya kawaida.

Ila wakala hula tokeni, yaani vipande vya maandishi anavyosoma na kuandika, nazo huisha kimyakimya kama za umeme. Tupige hesabu ya mfano. Profaili 40, kila moja tokeni 300, ni tokeni 12,000 kwa orodha moja. Kwa bei ya dola 3 kwa tokeni milioni zinazosomwa, hiyo ni chini ya senti 4 za dola. Ukiuliza mara moja kwa siku, mwezi unakugharimu kama dola 1. Akiachwa aulize kila saa, inafika karibu dola 26, na hapo hujahesabu tokeni za majibu anayoandika. Swali ni lilelile, ila ratiba imekula pesa. Mara moja kwa wiki, na kila baada ya kubadilisha mipangilio, inatosha.

Kuna gharama nyingine ambazo hazitajwi hadi ankara ifike. Vifaa vingine hufungua API kwenye leseni ya daraja la juu tu. Bei ikiwa ya dola, benki itakata kwa kiwango chake cha kubadilisha fedha. Uliza pia kama VAT imejumuishwa: kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara.

Usimpe wakala ufunguo wa kubadilisha mipangilio. Mpe wa kusoma tu. Kuorodhesha hakuhitaji zaidi ya hapo, na kosa moja la kufuta profaili litakugharimu zaidi kuliko usajili wa mwaka mzima.

Jambo kubwa zaidi: orodha si ulinzi. Profaili inaweza kuwa na jina zuri la "kali" na isiwe imefungwa kwenye sera yoyote ya fayawoli. Angalia kitendo cha kila kanuni. Kwenye Snort na Suricata, programu mbili za kugundua na kuzuia wavamizi, kanuni inayoanza na alert hutoa taarifa tu, wakati drop huitupa pakiti. Kisha tazama tarehe ya mwisho ya kusasisha kanuni. Ikiwa ni ya mwaka jana, anza na hilo.

Kwenye kanuni hizo ndipo pesa inapofaa kwenda. Programu zote mbili ni za bure. Kanuni rasmi za Snort hupatikana bure kwa aliyejisajili, lakini siku 30 baada ya wanaolipia. Kwa duka dogo, hilo linavumilika. Kwa sacco au kliniki yenye taarifa za watu, siku 30 ni nyingi, lipia usajili.

Ukinunua kifaa kipya, usisome kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Dai kasi ya wakati kinga imewashwa, maana hushuka, na hushuka zaidi kikifungua mawasiliano yaliyosimbwa ili kuyakagua.

Kwa hiyo, mwenye fayawoli moja au mbili: kagua mwenyewe, weka pesa kwenye kanuni mpya. Mwenye matawi kadhaa na fundi wa kuaminika: skripti. Mwenye matawi mengi na maswali yanayobadilika kila wiki: wakala, kwa malipo ya mwezi mmoja mmoja, akiwa na ufunguo wa kusoma tu na kikomo cha matumizi kilichowekwa siku ya kwanza. Muuzaji akikataa mojawapo ya masharti hayo matatu, tafuta mwingine.