Joto la Gerezani: maji nayo ni mtaji

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana jijini Dar es Salaam hupita nyuzi 30, na unyevu wa bahari haukaushi jasho. Gerezani ni zaidi: bati juu, lami chini, na kando yake moto wa mafundi wa kuchomelea. Mwenye duka la vipuri huandika daftarini kodi, usafiri na posho ya vibarua. Maji ya kunywa haandiki, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kungoja kiu ni kuchelewa. Mkojo ukiwa wa rangi nzito na kichwa kikiuma, mwili umeshapungukiwa maji. Mzigo mzito upakuliwe kabla ya saa 4 asubuhi. Kibarua akianza kusema ovyo au kuanguka, apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe na awahishwe hospitali.

Juisi ya barafu inapendwa, lakini nani anajua barafu ile ni ya maji gani? Kipindupindu kilicholipuka jijini Agosti 2015 kilivuka hadi msimu wa joto wa 2016. Dafu, kwa maoni yetu, ni afadhali: linakatwa mbele ya macho yako. Anayeharisha aanzishiwe njiani kuelekea zahanati lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Ndoo yenye mfuniko na koki, ikijazwa maji yaliyochemshwa, gharama yake ni ndogo kuliko lori kulala na mzigo kwa kukosa mpakuaji.