Kiburi Kinapoketi Kanisani

Msomaji, huenda nawe umepata kuwaona. Kila Jumapili huketi katika kanisa moja na kuimba wimbo mmoja, hata sauti zao hupatana. Ibada ikiisha, huyu hutokea mlango huu na yule mlango ule. Hawajaamkiana kwa miaka mitatu. Ukiuliza kisa, utaambiwa ni jambo dogo tu: nani alistahili kuongoza kwaya, au mchango wa nani haukutajwa harusini. Watoto wao, waliokuwa wakicheza pamoja, nao sasa hupitana kama wageni.

Jambo dogo haliwezi kuishi miaka mitatu kwa nguvu zake lenyewe. Kinacholilisha ni kiburi. Kila mmoja yu tayari kusamehe, mradi mwenzake aje kwanza.

Fundisho la Gahini

Ugomvi wa namna hiyo uliikumba hospitali ya misheni ya Gahini, nchini Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Waafrika waliofanya kazi hapo hawakupatana na Wazungu waliowaongoza, akiwamo daktari Mwingereza, Joe Church. Yosiya Kinuka, mmoja wa wasaidizi wa hospitali hiyo, alisafiri hadi Kampala akamweleza Simeoni Nsibambi masaibu yote ya Gahini. Nsibambi alimtaka autazame kwanza moyo wake mwenyewe. Kinuka alirejea kazini akiwa mtu mwingine, akaanza kuyakiri makosa yake.

Tangu mwisho wa mwaka 1933 kukiri huko kulienea. Wamisionari nao waliwaomba radhi Waafrika, jambo lililokuwa adimu sana katika enzi za ukoloni. Huo ndio Uamsho uliovuka mipaka ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika, ambako uliwagusa hata Walutheri wa Bukoba.

Kiburi cha wanyenyekevu

Hata hivyo, kiburi ni kama magugu: shamba lililopaliliwa jana huota tena kesho. Miongoni mwa ndugu hao hao wa Uamsho walitokea waliowapima wenzao, yupi ameokoka kweli na yupi bado. Nchini Uganda, katika miaka ya 1970, baadhi yao walijitenga na kujihesabu kuwa wamezinduka upya, huku wakiwaona wenzao kuwa wamepoa. Ni dhahiri, basi, kwamba mtu aweza kujivunia hata machozi ya toba yake.

Mfano wa Farisayo na mtoza ushuru waeleza jambo hilo hilo. Katika sala yake Farisayo alitaja mema aliyoyatenda: kufunga kwake na zaka aliyoitoa. Lakini alipokuwa akisali, jicho lake lilikuwa kwa jirani.

Nani aende kwanza?

Injili ya Mathayo yasema kwamba mtu aliyeleta sadaka madhabahuni, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache hapo aende kwanza kupatana naye. Tazama vyema, msomaji: anayeagizwa kwenda ni huyo anayelalamikiwa. Hakuambiwa angoje nyumbani hadi aitwe.

Hapana budi kutahadharisha hapa. Unyenyekevu si kumtaka mwenye kuonewa anyamaze, wala mke anayepigwa asitafute msaada. Mzigo wa kukiri ni wa mkosaji, na humwelemea zaidi mwenye cheo. Baba huona haya kumwambia mwanawe, "Nimekosa." Mzee wa kanisa huogopa kwamba heshima yake itapungua mbele ya vijana. La kusikitisha ni kwamba vijana hao wamekwisha kuliona kosa lake. Wasicholiona bado ni toba yake.

Leo ni Jumapili. Yule ndugu atakuwapo kanisani, mahali pake pa siku zote. Ibada itakapokwisha, msomaji, wewe utatokea mlango upi?