Ea Klina: Spea Ndogo Inayoamua Kama Boda Yako Itamaliza Mkopo

Mwezi wa Januari na Februari, mvua za vuli zikishakatika, barabara za maramu kule Kajiado, Makueni, Kitui na bara la Kilifi hugeuka unga. Lori likipita mbele yako, huoni kitu. Wewe unafunga shingo na mdomo kwa skafu, mteja nyuma anajifunika leso. Pikipiki nayo inavuta vumbi hilohilo, na kinga yake ni moja tu: chujio la hewa, ambalo mafundi wengi huliita ea klina.

Huenda unajiuliza, sisi watu wa malipo ya simu tumeingiaje kwenye mambo ya injini? Ni rahisi. Kwa mteja wetu wa boda, injini ndiyo inayoleta pesa kwenye laini. Wengi wamechukua pikipiki kwa mkopo na wanalipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Injini ikifa katikati ya safari hiyo, mkopo haufi nayo. Utaendelea kudaiwa ukiwa umeketi steji bila kazi. Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu kitu ambacho husafishwa kwa dakika chache, lakini kikiachwa kinaweza kumeza kipato cha wiki nyingi.

Vumbi linafanya nini ndani

Pikipiki nyingi za boda ni za silinda moja, kati ya sisi 100 na 150. Injini ya sisi 150 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, gesi ikiwa wazi kabisa, inaweza kuvuta hadi lita 375 za hewa kwa dakika moja. Sasa piga hesabu ya siku nzima barabarani. Hewa yote hiyo inapita kwenye chujio moja dogo chini ya kifuniko cha pembeni.

Chujio likiharibika, kuna njia mbili za kuumia.

Ya kwanza ni chujio lililotoboka, lililokaa vibaya, au lililotolewa kabisa. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu. Ukiingia ndani, unachanganyika na oili na kuwa kama msasa kati ya pistoni na silinda. Ringi zinalika, kompresheni inashuka, pikipiki inakosa nguvu mlimani, na oili inaanza kuungua. Ukiona moshi wa rangi ya buluu nyuma, huenda uharibifu umeshafika huko.

Ya pili ni chujio lililoziba. Hapa vumbi haliingii, lakini hewa nayo haiingii vya kutosha. Kwenye pikipiki ya kabureta, petroli inazidi hewa. Utaona moshi mweusi, pulagi inakuwa nyeusi kama masizi, na tangi linaisha haraka kuliko kawaida. Petroli ya ziada pia huosha oili kwenye kuta za silinda, kwa hivyo hata hapo injini inalika.

Kuna wanaotoa ea klina wakisema pikipiki "inapumua vizuri" na inakimbia zaidi. Usikubali. Raha hiyo utailipia baadaye kwa pistoni, ringi na silinda.

Kusafisha ea klina bila kuiua

Kwanza jua yako ni ya aina gani. Ziko za sponji na ziko za karatasi, na haziendeshwi kwa njia moja.

Kama ni ya sponji:

1. Futa vumbi kwenye kifuniko kabla hujafungua, lisije likaangukia ndani. Ukishatoa sponji, ziba tundu la kuelekea kabureta kwa kitambaa safi.
2. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usitumie petroli: inaweza kulipuka, na inaweza kulegeza gundi ya sponji.
3. Kamua kwa kuibana viganjani. Usiisokote kama nguo, itapasuka.
4. Ianike kivulini hadi ikauke kabisa.
5. Iloweshe oili safi kidogo, ile ya vichujio au ya aina inayotajwa na kitabu cha pikipiki, kisha ibane oili ya ziada itoke. Oili ndiyo inayonasa vumbi. Sponji kavu inaacha chembe ndogo zipite.

Kama ni ya karatasi, usiioshe na usiipake oili. Igongegonge taratibu vumbi lianguke, au ipulizwe kwa upepo mdogo kutoka upande wa ndani kwenda nje. Upepo mkali wa kompresa unaweza kutoboa karatasi, na tundu hilo hutaliona kwa macho. Ikiwa nyeusi, imelowa oili au imechanika, nunua nyingine.

Kwa aina zote mbili, kabla hujafunga, pangusa ndani ya boksi la chujio na ukague mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta. Ukipasuka, vumbi linapita pembeni na usafi wote uliofanya ni bure. Hakikisha klipu zimekaza.

Je, ni baada ya muda gani? Fuata kitabu cha pikipiki, lakini kumbuka kwamba hata watengenezaji hushauri muda upunguzwe pale penye vumbi. Kama kazi yako ni ya lami mjini, huenda ratiba ya kawaida inatosha. Kama ni ya maramu wakati wa kiangazi, fungua uangalie kila wiki. Na ukipita kwenye maji mengi, angalia tena. Boksi likimeza maji na pikipiki ikazima, usilazimishe kuiwasha. Ipeleke kwa fundi kwanza, kwa sababu maji yakiingia silinda yanaweza kupinda vyuma vya ndani.

Oili: rafiki wa pili

Ea klina inazuia uchafu kuingia, oili inabeba ule uliopenya. Angalia kiwango kila asubuhi: pikipiki isimame wima mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Ukiona inapungua kila siku na hakuna mahali inavuja, injini inaila. Mwambie fundi mapema.

Ibadilishe injini ikiwa na joto, kwa sababu oili moto hutoka na uchafu wake. Kwenye boda nyingi oili ya injini ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi kwenye klachi, kwa hivyo tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2. Baadhi ya oili za magari zinaweza kufanya klachi iteleze. Kagua kama kifuniko cha chupa hakijafunguliwa, na baada ya kumwaga oili, chupa itoboe ili isije ikajazwa oili feki. Oili chafu usiimwage mtaroni. Mwachie fundi aiweke kwenye mtungi.

Pesa ya sabisi isitegemee siku ilivyoenda

Tunajua kinachofanya sabisi icheleweshwe. Si uvivu. Ni kwamba siku ya sabisi ikifika, pesa imeshakwenda kwa unga, karo na mkopo.

Tuchukue mfano. Ukiweka kando shilingi 50 kila siku ya kazi, kwa siku 26 unapata shilingi 1,300. Linganisha na bei ya oili na ea klina dukani kwenu, kisha ongeza au punguza kiasi cha kila siku. Iweke kwenye mfuko wa akiba wa simu, si kwenye salio la kawaida, maana pale itaondoka bila kuaga. Itoe jioni unapolipa mkopo, kama deni la pikipiki yenyewe.

Ukinunua spea au ukilipa fundi, lipa kwa till na uhakikishe jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. SMS inakubakishia tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa. Kilomita andika mwenyewe kwenye daftari. Siku spea ikiharibika mapema, una cha kuonyesha dukani. Siku ukiuza pikipiki, mnunuzi anaona ilitunzwa.

Na ukikutana na mtu mtandaoni anauza spea kwa bei ya kutupa, akitaka deposit kwa namba yake binafsi kabla hujaona mzigo, tulia. Nenda dukani, ona, kisha lipa. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, fungua kile kifuniko cha pembeni uangalie. Kama ea klina imejaa vumbi jekundu, usilinyamazie. Vumbi hilo lilikuwa njiani kwenda kwenye pistoni yako.