Kishikwambi katika Darasa la Watoto Wadogo: Kinachofundisha na Kinachodhuru

Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga. Watoto zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vifaa vilichajiwa kwa umeme wa jua, na watoto walijifunza bila mwalimu. Jaribio hilo lilikuwa sehemu ya shindano la Global Learning XPRIZE, lililoshirikisha Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu.

Matokeo hayo yana pande mbili. Kwa upande mmoja, watoto waliokosa shule walianza kusoma. Kwa upande mwingine, baada ya zaidi ya mwaka mzima na kifaa mkononi, wengi walikuwa bado hawawezi kusoma neno. Suala hili linazihusu shule pia, kwa kuwa vifaa vimekwisha kufika huko. Kenya ilianza mwaka 2016 kupeleka vifaa vya kidijitali katika darasa la kwanza, na nchini Tanzania vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Linalobaki ni kujua vitumikeje bila kuathiri ukuaji wa mtoto.

Programu ndiyo inayofundisha

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika katika shule ya msingi mjini Lilongwe, Malawi, uliwagawa watoto wa madarasa matatu ya mwanzo katika makundi. Kundi moja lilitumia programu ya hisabati katika kishikwambi, jingine lilitumia kishikwambi kisicho na hisabati, na la tatu liliendelea na masomo ya kawaida. Mpangilio huo ulikusudiwa kutenganisha mchango wa kifaa na mchango wa somo lililomo ndani yake. Mtafiti alihitimisha kwamba kishikwambi kinaweza kusaidia kujifunza hisabati, mradi programu iwe imebuniwa kwa uangalifu na kujengwa juu ya mtaala imara.

Programu nzuri humpa mtoto mambo matatu ambayo mwalimu wa darasa lenye watoto 80 huyapata kwa shida. Humjulisha papo hapo kama amepata au amekosa. Humruhusu kurudia bila kuchekwa. Na humsubiri aelewe kabla ya kumvusha hatua. Mtoto anayechanganya silabi “ba” na “da” anaweza kuzisikiliza mara 20 bila kuwachelewesha wenzake. Programu yenye michoro na kelele nyingi, lakini isiyo na mpangilio, humshughulisha mtoto bila kumfundisha.

Mkono, jicho na usingizi

Mtoto mdogo hujifunza kwa mwili mzima. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima ubongo watoto wa miaka 5 ambao hawakuwa wamejua kusoma. Sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma ziliamka zaidi walipotazama herufi walizojifunza kwa kuziandika wenyewe kwa mkono kuliko zile walizojifunza kwa kuzichapa kwenye kibodi. Hivyo, kishikwambi hakipaswi kuondoa penseli, ubao wala mchanga wa kuchorea herufi.

Jicho nalo lina mahitaji yake. Mtoto anapokazia macho kioo, hupepesa mara chache, na macho hukauka na kuchoka. Kutazama kwa karibu muda mrefu na kukosa mwanga wa nje huhusishwa na tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali. Katika jiji la Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo hilo, ikilinganishwa na asilimia 39.5 katika shule ambazo hazikuongeza muda huo. Mapumziko ya uwanjani, kumbe, ni kinga ya macho.

Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri muda wa kukaa mbele ya kioo usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Watoto wa miaka 3 na 4 wanahitaji pia usingizi wa saa 10 hadi 13. Mwalimu akumbuke kwamba mtoto huenda amekwisha kutazama simu au televisheni nyumbani.

Nafasi ya mwalimu

Kwa kuzingatia hayo, kipindi cha kishikwambi kiwe kifupi na chenye lengo moja. Watoto wawili wakitumia kifaa kimoja, hulazimika kuzungumza, kubishana na kuelezana. Mazungumzo hayo hukuza lugha. Kifaa kiwekwe mezani, si karibu na uso, na watoto waelekezwe mara kwa mara kutazama mbali kupitia dirishani. Kipindi kikiisha, silabi zilizosikika ziandikwe kwa mkono, zitamkwe kwa sauti, kisha watoto watoke nje kucheza.

Mtoto anayesogeza uso karibu na kioo, anayefikicha macho au anayekosea kila akiombwa kusoma ubaoni apelekwe kupimwa macho. Programu inaweza kuhesabu makosa yake yote bila kutambua kwamba haoni. Mwalimu anayemtazama usoni ndiye atakayelibaini hilo.